Chuma cha roketi ya kampuni kikiangukia shamba lako, nani analipa?

Mchanga_Mweupe
Wakuu, tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Wakala wa Anga za Juu wa Kenya (KSA) wakaichukua na kusema kwamba, kwa tathmini ya awali, ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Siku hizi kampuni binafsi zinarusha roketi kila wiki. Siulizi sayansi, nauliza pesa: kitu cha namna hiyo kikibomoa nyumba ya mtu Makueni au Kilifi, mwenye nyumba anamdai nani? Kampuni, serikali yake, au serikali yetu? Na kuna aliyewahi kulipwa?

Wakili_wa_Anga
Mkuu, kwenye mikataba ya kimataifa ya anga kampuni haidaiwi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ibara ya 6, unaibebesha serikali jukumu la kila wanachofanya raia na kampuni zake huko juu. Mkataba wa Dhima wa 1972, ibara ya 2, unasema nchi iliyorusha hulipa madhara ya ardhini hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Kenya imejiunga na yote miwili. Kwenye karatasi, hiyo ni kinga nzito.

Ugumu uko njiani. Chini ya mkataba wa 1972 mwananchi hadai mwenyewe. Dai ni la nchi na hupitia kwa mabalozi. Wizara ikilala, na wewe umelala. Unaweza kwenda mahakama za nchi iliyorusha, lakini ukishafungua kesi huko serikali yako hairuhusiwi kudai hasara hiyohiyo kwa mkataba. Muda ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi husika itambulike. Na "hatukujua" haisaidii milele: mwaka unahesabiwa tangu siku ambayo serikali yenye bidii ingekuwa imekwisha kujua. Ndiyo maana uchunguzi usio na tarehe ya mwisho ni hatari kuliko jibu baya. Mazungumzo yakikwama mwaka mzima, tume ya madai ya watu watatu huundwa, na uamuzi wake ni pendekezo tu isipokuwa pande zote zilikubali ufungwe nao.

Aliyelipwa yupo: Kanada. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilisambaa kaskazini mwa nchi hiyo. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za kwao, ikapata milioni 3 mwaka 1981. Nusu, kwa nchi yenye wanasheria na vipimo vya mionzi. Jipimie.

Hesabu_Kali
Niongeze upande wa Marekani, maana ndiko kampuni zenyewe ziliko. Mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, hukadiria hasara kubwa inayoweza kutokea, kisha humtaka mwenye leseni awe na bima ya kiasi hicho. Lakini kwa hasara za watu wasiohusika na urushaji, bima hiyo haivuki dola milioni 500. Juu ya hapo serikali hubeba hadi dola bilioni 1.5 kwa thamani ya 1989, mfumuko wa bei ukiongezwa, Bunge likiidhinisha. Utaratibu huu ulianza 1988 kama msaada wa muda kwa sekta changa, ukawa unaongezewa muda tena na tena. Ufaransa nako opereta ana kikomo, takriban yuro milioni 60. Kinachozidi hubebwa na serikali.

Uchanga huohuo ndio kisingizio kwa abiria. Tangu 2004 FAA imezuiwa kuweka kanuni za usalama wa abiria wa roketi. Abiria anasaini tu kwamba ameelezwa hatari. Zuio lilikuwa liishe 2012, sasa limesogezwa hadi Januari 2028. Mtoto wa miaka ishirini bado ananyonya!

Adhabu nazo? Septemba 2024 FAA ilipendekeza SpaceX itozwe dola 633,009 kwa kukiuka leseni katika urushaji wa 2023. Linganisha na mkataba wa dola bilioni 2.89 ambao NASA iliwapa 2021 wajenge chombo cha kutua mwezini. Faini hiyo haimnyimi mtu usingizi.

Pengo baya zaidi: leseni inahusu kurusha na kurudisha kwa makusudi. Kipande kilichoachwa kwenye mzingo (njia ya kuizunguka dunia) kikashuka chenyewe hakiombewi leseni ya kurudi. Februari 2025 hatua ya pili (sehemu ya juu) ya Falcon 9, roketi ya SpaceX, ilishindwa kujishusha ilivyopangwa, mabaki yakaanguka karibu na Poznań, Poland. Aliyepoteza kazi ni mkuu wa shirika la anga la Poland, baada ya mvutano na wizara ya ulinzi kuhusu tahadhari iliyotumwa kwenye anwani isiyo sahihi.

Mchanga_Mweupe
Sawa, kikianguka leo mchana, mtu afanye nini ili dai lisife?

Fundi_Obiti
Kwanza usikiguse. Tangi linaweza kuwa na hidrazini, sumu yenye harufu inayokaribia amonia. Simama upande upepo unakotoka. Tufe lililozungushiwa nyuzi nyeusi linaweza kuwa bado na gesi ya shinikizo.

Andika saa kwa dakika. Kitu cha mzingoni huenda takriban kilomita 7.5 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea dakika moja umekosea kilomita 450, na kulinganisha na orodha za ufuatiliaji kunavurugika. Chukua majira-nukta (GPS) kwa simu, piga picha kikiwa hapohapo na jembe au rula pembeni, piga na namba zozote zilizochongwa. Ripoti polisi, dai namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Hasara ipigwe picha na ithaminiwe wiki hiyohiyo. Aliyeumia apate fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha.

Usiuze chuma chakavu. Kwa mkataba wa 1967 mali inabaki ya mwenyewe hata ikilala kwenye mahindi yako, na ndiyo ushahidi. Maafisa wakija kuibeba, wasaini hati yenye vipimo, uzito na picha. Bila hiyo, mwakani hakuna anayekumbuka kilichobebwa.

Wakili_wa_Anga
Na wanaoshangilia habari za kurushia roketi tena pwani wasome ibara ya 5 ya Mkataba wa Dhima. Nchi ambayo ardhi yake imetumika inahesabiwa mrushaji, na mdai anaweza kuibana yenyewe kwa fidia yote. Enzi za San Marco, kituo cha kurushia roketi cha Malindi, setilaiti ya Uhuru iliporuka Desemba 1970, roketi zilikuwa za serikali. Kampuni binafsi ikija leo, Bunge lidai mambo matatu kabla ya saini: cheti cha bima chenye jina la Jamhuri kama mnufaika, mkataba wa kugawana dhima na serikali ya kampuni hiyo (ibara ya 5 inauruhusu), na dhamana ya benki ya ndani, kwa sababu kampuni ikifilisika dai litabaki kwa Hazina.