Tuliombe Jiji la Dodoma liache sumu za viwandani kwenye bustani na vipilefti?

Mdau wa Miyuji:
Mbukwenyi wana Dodoma. Kuna barua tunaiandaa kwenda Halmashauri ya Jiji. Ombi letu: kwenye bustani za umma, vipilefti, viwanja vya shule na kando ya barabara, viuatilifu vya viwandani viwe njia ya mwisho. Vidukari na viwavi vipigwe kwa mbegu ya mwarobaini, mti uliojaa kila mtaa hapa. Mitaroni ziwekwe dawa za bakteria za kuua viluwiluwi vya mbu, zinatengenezwa hapo Kibaha. Sumu ikilazimika, tangazo libandikwe saa 48 kabla, maana watoto wanagaragara kwenye nyasi zile. Semeni mnaunga mkono au mnapinga. Wapulizaji wenyewe wanakadiria dozi kwa kifuniko cha chupa, hilo tu linatosha kutisha.

Fundi Bustani Area D:
Mengine nitajibu baadaye, nianze na hiyo ya kifuniko. Ukikipima kifuniko kwa bomba la sindano ukajua kinabeba mililita ngapi, hicho ni kipimo kama vipimo vingine. Dozi inaharibikia miguuni. Tia lita 5 za maji matupu kwenye bomba la mgongoni, piga kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima mita za mraba ulizolowesha. Anayekokota miguu anamwaga mara mbili pale pale hata kama alipima kwa kikombe cha maabara. Msiwadhalilishe watu wanaoshinda juani kuitunza bustani mnayopigia picha za harusi.

Nyuki wa Mkonze:
Kaka, kifuniko cha chupa ya nusu lita si sawa na cha lita moja. Chupa ikibadilika, kipimo chako kimekwenda nayo. Halafu mnapiga saa 4 asubuhi, maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Kwa nini isiwe saa 11 jioni?

Fundi Bustani Area D:
Kwa sababu kibarua anaanza saa 1 asubuhi na saa 9 anaondoka. Hilo waulizeni wanaopanga zamu.

Mkulima wa Hombolo:
Naunga mkono barua. Klopirifosi, ile sumu ya wadudu, si imeshapigwa marufuku dunia nzima? Bado naiona inauzwa.

Bibi Shamba Nzuguni:
Mzee wangu, si hivyo kabisa. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kukomesha sumu zinazodumu muda mrefu, ziliamua iingie kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa, ila kuna misamaha kwa matumizi maalumu. Ukitaka kujua ipi inaruhusiwa kwetu, angalia usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wale waliochukua kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu kule Arusha.

Sasa mwarobaini. Wengi hutwanga majani. Nguvu iko kwenye kokwa, kile kiini kilicho ndani ya ganda la mbegu. Gramu 500 za kokwa zilizotwangwa kwa lita 10 za maji, iache ilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni, piga jioni. Ekari moja ya bustani inakula kama lita 200, yaani kilo 10 za kokwa, na kwa kuwa ganda ni karibu nusu ya uzito, okota kilo 20 za mbegu kavu. Zikaushwe kivulini, zihifadhiwe kwenye gunia linalopitisha hewa. Zikiota ukungu ndani ya mfuko wa plastiki hazifai tena. Na jua la Dodoma linaivunja dawa hii haraka, kila siku 5 hadi 7 unarudia. Barua isiposema nani ataokota mbegu na nani atarudia, itaishia kwenye faili.

Mpanda Miti Ihumwa:
Na mchwa? Miti michanga ya barabarani inaliwa shingo. Maji ya mwarobaini yatawafanya nini mchwa walioko chini ya ardhi? Hapo ndipo ombi lenu linapokwama.

Nyuki wa Mkonze:
Nirudi kwenye "asili". Pareto ya Iringa ni ua, lakini inaua nyuki na samaki vilevile. Barua isiseme "dawa za asili" halafu ikaachia hapo. Iandike saa za kupiga.

Fundi Bustani Area D:
Bibi shamba, sabuni gani? Watu wanatia ya unga.

Bibi Shamba Nzuguni:
Ya unga inaunguza majani. Tumia ya maji, kijiko cha chai kimoja kwa lita 5.

Mkulima wa Hombolo:
Kwa maji ya kisima cha chumvi haitoi povu. Tia ukwaju kwanza, unaikata ile chumvi. Na mwarobaini unapenda maji yenye uchachu.

Fundi Bustani Area D:
Mzee, hapana! Ukwaju na sabuni ya mche vikikutana mafuta ya sabuni yanajitenga, unapata mabonge meupe yanayoziba nozeli.

Mkulima wa Hombolo:
Nimesema ukwaju kwanza, sikusema kwa pamoja. Soma kabla ya kunifokea, mimi si rika lako.

Fundi Bustani Area D:
Samahani mzee. Ila hata ukitangulia, uchachu unabaki ndani ya pipa, sabuni ikiingia ni yale yale. Maji magumu, yenye madini mengi kama kalisi, ndiyo adui wa pande zote mbili. Hata glaifoseti inayopigwa kando ya barabara inashikwa na kalisi ya kisima na vumbi lililo juu ya jani, magugu hayafi, mtu anaongeza dozi. Wanaojua hutangulizia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kilo 2 kwa lita 100, ndipo dawa.

Mdau wa Miyuji:
Kumbe kwa maji haya hata sumu yenyewe haifanyi kazi vizuri! Hiyo naiweka kwenye barua. Magugu tutaomba yalimwe kwa jembe.

Bibi Shamba Nzuguni:
Yafyekwe, yasilimwe. Ukiacha udongo wetu wazi kando ya lami, mvua ya Januari inaupeleka wote mtaroni. Dawa ya bakteria nayo iwekwe kila wiki, kwa kuwa kiluwiluwi lazima aile ndipo afe. Akishakuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, hali tena.

Mpanda Miti Ihumwa:
Mchwa bado hamjanijibu.

Bibi Shamba Nzuguni:
Matandazo makavu yasiguse shina, samadi iwe imeiva, na mti usikae na kiu, kwani mchwa huanza na ulionyong'onyea. Kwa chuguu kubwa lililo karibu, sina dawa ya mwarobaini ya kukupa.

Mkulima wa Hombolo:
Basi maji ya mvua. Jiji liweke simtanki kwenye bustani zake, ukwaju tuuache. Na nozeli ikiziba?

Fundi Bustani Area D:
Ifungue, uisugue kwa mswaki laini ndani ya maji safi. Usitie waya wala usiipulize kwa mdomo. Waya unapanua tundu, na ile hesabu ya lita 5 niliyowapa juu lazima uianze upya.