Kikundi cha Ukoo: Nasaba ya Babu na Bibi wa Shambani

Binti wa Kaka Mkubwa: Assalaamu alaykum nyote, na shikamooni wazee wangu. Nimeweka hapo juu picha za karatasi mbili zilizotoka katika kasha la marehemu Babu. Moja ni hati ya kununua shamba la huku Malindi ya mwaka 1308 wa Hijria, yaani 1890 au 1891, na nyingine ni mgawanyo wa mirathi ulioandikwa alipofariki yule mnunuzi, ambaye ndiye babu wa babu zetu. Naomba tuzisome pamoja, kwa kuwa sote tumetokana na yeye na mkewe, nasi hatujui juu yao zaidi ya kwamba walikuwa wakulima.

Ami: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Andika kwanza kwamba alizaliwa papa hapa Malindi, kabla Seyyid Majid, sultani wa Zanzibar, hajatawala. Ndivyo alivyokuwa akisema marehemu baba yangu.

Kaka wa Mombasa: Shikamoo Ami. Kwa heshima zako zote, hilo ni vigumu kulikubali. Seyyid Majid alishika utawala mwaka 1856, na wakati huo Malindi ilikuwa magofu na vichaka. Aliifufua mwaka 1861 kwa kuwaleta askari wa Kibulushi, na ndipo watu wa Lamu na Shela walipoanza kuhamia kufuata ardhi yenye rutuba, wakalima mtama na ufuta uliopakiwa majahazini. Hati yenyewe inamwita Mshela. Mimi naona alizaliwa Shela, akaja Malindi kijana, na baba yako alihifadhi habari ya ukongwe wa ukoo hapo mjini, ambayo ni kweli, ila si ya kuzaliwa.

Ami: Basi iandikwe Shela, na maneno ya baba yangu yaandikwe pembeni.

Binti wa Kaka Mkubwa: Nitafanya hivyo, Ami. Jambo lililonifanya nisilale ni mipaka. Hati inataja majirani wa shamba pande zote nne, na upande wa kibla, yaani kaskazini, inasema kuna shamba la mke wa mnunuzi, ambaye aliachwa huru na bibi mmoja wa Shela. Maana yake ni kwamba Bibi alikuwa na ardhi yake mwenyewe kabla mumewe hajanunua hii.

Ami: Hilo la kuachwa huru lisiandikwe. Watu watasema alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa na bwana wake bila nikaha, na tuna wakwe katika kikundi hiki.

Shangazi wa Lamu: Ndugu yangu, nimekusikia, na najua uchungu unaotokea. Mama alinihadithia kwamba Bibi aliletwa na jahazi akiwa mtoto mdogo na hakuwahi kukumbuka jina la kwao. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu ya neno hilo hilo unalolihofia. Sasa karatasi imesema, nami sitaki kufa nikiwa nimemficha.

Kaka wa Mombasa: Ami, hebu tazama ile karatasi ya mirathi. Bibi amepewa thumuni, sehemu moja katika nane, ambayo ni haki ya mke aliyefiwa na mume mwenye watoto. Suria harithi. Kwa hiyo aliolewa kwa nikaha akiwa huru, na kadhi aliyegawa mali alilijua hilo. Hata angekuwa suria, watoto wake kwa bwana wake wangekuwa huru na warithi sawa na watoto wa mke, kwa hiyo hakuna aibu ya nasaba hapo kwa namna yoyote. Kama alikuja kwa jahazi, basi ni kabla ya mkataba wa 1873 ambao Seyyid Barghash, sultani aliyemfuata Majid, aliutia saini kuzuia biashara ya watumwa baharini, au ni kwa magendo baada yake. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka 1907, na hata hapo serikali iliwalipa fidia waliokuwa wamiliki, si waliotumikishwa. Bibi alikuwa na hati ya shamba jirani zaidi ya miaka 15 kabla ya hapo.

Shangazi wa Lamu: Mwanamke aliyeletwa hana mtu, akapata uhuru, ardhi na ndoa, kisha watoto wake wakamwita mkulima tu.

Ami: Nimesoma tena. Nilikuwa nadhani namlinda. Mwandikeni kama karatasi ilivyosema, mwanzo wa nasaba pamoja na mumewe, wala msimweke chini yake.

Binti wa Kaka Mkubwa: Ahsante, Ami. Liko jambo moja la kutafuta. Kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, wenye mashamba wa pwani walitakiwa kupeleka madai yao kwa serikali pamoja na karatasi na mashahidi. Kama watoto wa Bibi walidai shamba lake, majina ya mashahidi yatatuonyesha alikuwa karibu na nani.

Kaka wa Mombasa: Nitaanzia ofisi ya ardhi hapa Mombasa, kisha tawi la Nyaraka za Taifa. Nitumie majina ya majirani wa pande zile tatu, yaandikwe kama yalivyo katika hati, bila kusahihisha.

Shangazi wa Lamu: Nami nitakwenda Shela kuwauliza watu wa nyumba ya yule bibi aliyemwacha huru.