Naombeni ushauri: Mzunguko wa baiskeli na mke wangu, Mwanza, Ukerewe, Bunda, Magu. Nataka twende pamoja kweli

Ngosha_Igoma

Habari za jioni wakuu.

Mimi na mke wangu tumetimiza miaka 18 ya ndoa. Watoto wako bweni, na mwezi wa sita nina likizo ya siku 14. Tumekubaliana tuitumie juu ya baiskeli, sisi wawili tu, bila haraka.

Mpango wetu ni huu: tupakie baiskeli kwenye meli hapa Mwanza hadi Nansio, tuzunguke kisiwa cha Ukerewe siku mbili tatu, tuvuke kwa kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, tupite Kibara hadi Bunda, kisha turudi na barabara kuu kupitia Lamadi, Magu na Kisesa mpaka nyumbani. Kwa hesabu zangu ni kama kilomita 300 hivi.

Baiskeli yangu ni ya gia. Ya mke wangu ni ile nzito ya kawaida, yenye keria ya chuma.

Sasa linalonisumbua. Mwaka jana tulikwenda Kisesa na kurudi. Mimi nikishapanda, mguu unataka kwenda. Nikawa nampita, namsubiri mbele, akifika tu naondoka tena. Yeye alitaka kusimama kuangalia vyungu, kuuliza bei ya mpunga, kusalimia watu. Tulipofika nyumbani hakuzungumza nami hadi usiku, halafu akaniambia, "Wewe ulikuwa unakwenda Kisesa. Mimi nilikuwa nakwenda na wewe." Neno hilo sijalisahau hata siku moja.

Kwa hiyo naomba ushauri wa waliowahi: kwa siku twende kilomita ngapi, mzigo tuupange vipi, na ile barabara kuu ya Bunda hadi Mwanza inapitika kwa baiskeli bila kuhatarisha maisha? Na zaidi ya yote, nifanyeje safari hii iwe ya wawili?

kokolo_la_nansio

Karibuni sana kwetu mkuu, wewe na shemeji.

Meli ni kama masaa matatu kufika Nansio. Baiskeli wekeni pamoja, pedali zisigusane na spoku za mwenzake, funga kwa mpira kwenye nguzo, na mkoba wenye simu ubaki mkononi. Kisiwani barabara nyingi ni za udongo na kuna sehemu zenye mchanga. Punguzeni upepo kidogo kwenye matairi, mtaona tofauti papo hapo, ila msisahau kujaza tena mkirudi kwenye lami.

Msikose kwenda Bugolora, na hapo kama ziwa limetulia vukeni hadi kisiwa cha Ukara. Watu wengi huenda kuona lile jiwe linalocheza, na ni zuri kweli, lakini mimi nawaomba muangalie mashamba. Wakara wanafuga ng'ombe ndani ya mashimo nyumbani, wanawakatia majani na kuwaletea, na samadi yote inapelekwa shambani. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na bado inalimwa mwaka baada ya mwaka. Mke wako anayependa kuuliza uliza atapata wa kumjibu hadi jioni.

Jambo moja la kuzingatia. Mtaiva kwa jua na maji yatakuwa pale yanawaita. Msiingie kwenye maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani. Kichocho kipo ziwani kwetu, kinatoka kwa konokono wa maji na kinaingia kwa ngozi tu, huhitaji hata kuyanywa. Ogeni ya ndoo. Na kama miguu ilizama kwa bahati mbaya, mkirudi pimeni, dawa yake ipo.

Dereva_wa_Fuso

Mkuu mimi napita Mwanza hadi Bunda kila wiki na gari la mzigo. Nakuambia kutoka kwenye usukani.

Ukiwa peke yako pembeni, umevaa kizibao cha kung'aa, nakuona mapema na nina nafasi ya kukupisha. Mkienda wawili sambamba mnapiga stori, sina pa kwenda kama basi linakuja mbele. Barabara ile bega lake ni jembamba. Mwezi wa sita na wa saba ni msimu wa pamba, malori yamejaza hadi juu na upepo wake ukikupita unakuyumbisha. Ukisikia honi ndefu nyuma yako, usigeuke kuangalia. Shuka kwenye changarawe, simama, tupite. Sekunde kumi tu.

Na saa kumi na moja jioni muwe mmeshaegesha. Hasa kati ya Lamadi na Bunda. Pale mnapita karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, na vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi tembo huwa wanatoka usiku kwenda mashambani. Getini kwenyewe msifikirie kuingia na baiskeli.

mwana_bujora

Naungana na dereva, ila mimi naona mmeupanga mzunguko kinyume.

Kwetu tunaendesha kushoto. Mkitoka Mwanza kwenda Bunda, ziwa liko kushoto kwenu, yaani upande wenu wa barabara. Mkitaka kusimama kuangalia maji au kununua samaki kwa wanaoanika, mnashuka tu pembeni. Mkifika Bunda mkageuka kwenda Kibara na Kisorya, bado ziwa liko kushoto. Mkija kwa njia mliyoipanga, kila kitu kizuri kiko ng'ambo ya malori, na shemeji anayependa kusimama atavuka barabara kuu mara ishirini kwa siku.

Ubaya wake ni kwamba asubuhi jua litawapiga usoni hadi Bunda. Vaeni kofia yenye ukingo.

Kingine, siku ya kwanza inakuwa Kisesa tu, chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Laleni hapo. Nendeni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Mkibahatika kuangukia sikukuu ya Ekaristi mtaikuta Bulabo, tamasha letu la ngoma, vikundi viwili vya Wagika na Wagalu vinashindana, na bugobogobo, ngoma ya majembe, mtaiona kwa macho yenu. Wakati huo vyumba ni vya kugombania, wekeni mapema.

FundiSpoku

Kaka nimesoma uzi wote nikaona hakuna aliyegusa ugonjwa wenyewe.

Wewe una miguu yenye nguvu na umepanda baiskeli nyepesi yenye gia. Mke wako ana mwendo wa taratibu na umempa chuma. Halafu unashangaa unamwacha? Badilishaneni. Yeye apande ya gia, umshushie kiti hadi kisigino kifike kwenye pedali mguu ukiwa umenyooka. Wewe chukua ile nzito, na mzigo wote upakie kwenye keria yako. Nakuhakikishia hutampita tena, na mlimani yeye ndiye atakayekusubiri.

Kabla ya safari kaza spoku za gurudumu la nyuma kwenye hiyo nzito, ndizo zitakazobeba. Badilisha mpira wa breki. Mnyororo upake oili kidogo na ufute, ukiacha umelowa unakusanya vumbi.

Pancha mtapata, miiba ya migunga iko njia nzima. Wengi wanakosea hapa: wanaziba tyubu, wanarudisha, wanajaza upepo, dakika kumi imeisha tena. Mwiba bado umo kwenye tairi, umekatika na ncha imebaki ndani. Ukishatoa tyubu, chukua kitambaa laini au pamba, pitisha ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, hapo ndipo ulipo. Usitumie kidole, utachanika. Ung'oe kwa koleo kutokea ndani. Kisha tafuta tundu la tyubu kwenye beseni la maji, kausha, kwangua kwa msasa, paka gundi, na usubiri ikauke hadi isinate kwenye kidole ndipo ubandike kiraka. Haraka ya gundi mbichi ndiyo inayofumua viraka.

Bebeni tyubu mbili za akiba, na muwe na uhakika ni za saizi ya kila baiskeli. Tairi la baiskeli ya gia huko vijijini hulipati.

mama_wa_michembe

Nakusalimu kaka. Mimi na baba watoto tulikwenda Magu, Lamadi na Bunda kwa baiskeli miaka miwili iliyopita, kwa hiyo naongea kama mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti.

Mkeo atangulie. Siku zote. Anayetangulia ndiye anayeamua mwendo, anayeamua kusimama, na wewe nyuma unamwona kama amechoka kabla hajasema. Baba watoto aliona nyuma ni kudharauliwa, siku ya pili akazoea, siku ya tatu akawa ananionyesha ndege.

Kilomita 30 hadi 40 kwa siku zinatosha. Magu hadi Lamadi ni kama 55, msizimalize kwa siku moja, laleni Nyashimo. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano muwe mmefika mnakokwenda, mmekula, mmepumzika, na alasiri yote iwe ya kutembea sokoni kwa miguu. Upepo wa ziwani nao huanza kusukuma mchana, hauna sababu ya kushindana nao.

Kuhusu magulio: ukifika mji, muulize mama ntilie wa kwanza mnada wa hapo ni siku gani, na vijiji vya jirani ni siku gani. Kila mahali pana siku yake. Sisi tulikaa siku nzima ya ziada kusubiri mnada na sijawahi kujuta. Nilinunua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ndizo zilizotulisha njiani, unatafuna kidogo na maji unaendelea. Matobolwa pia, yale yanayochemshwa kwanza ndipo yakaushwe.

Vyumba pigieni simu mchana uleule, msitegemee ahadi ya jana. Tuliweka chumba kwenye nyumba moja ya wageni, tukafika tumechoka wakatuambia kimeshachukuliwa na mgeni aliyelipa zaidi, tukatafuta kwingine magharibi ikishaingia. Iliniuma sana. Bebeni chandarua chenu.

Mwambie mke wako avae suruali au afunge khanga juu ya goti upande wa mnyororo. Yangu iliingia, nikaanguka kwenye mpunga.

Ngosha_Igoma

Wakuu, nimemsomea mke wangu majibu yote. Tumegeuza mzunguko kama mwana_bujora alivyosema, na baiskeli tumebadilishana leo jioni. FundiSpoku, nimepanda ile nzito kutoka Igoma hadi Buhongwa. Nimeelewa. Nimemwomba radhi.

Ngosha_Igoma

Mrejesho, wakuu. Tumerudi juzi, siku 13.

Dereva, ulikuwa sahihi kwa kila neno. Kati ya Magu na Nyashimo tulishuka kwenye changarawe mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, na madereva wengi walitupungia mkono.

Mama wa michembe, mke wangu alitangulia njia yote. Lamadi tulikaa siku mbili bila kupanga, kwa sababu alikutana na kina mama wanaoanika dagaa na akataka kujua kila hatua. Nilikaa kwenye kivuli nikimwangalia akigeuza dagaa mchangani na wenzake kana kwamba ni kazi yake ya miaka. Miaka 18, na nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, kwa sababu kila mara nilikuwa mbele.

Pancha zilikuwa tatu. Ya Kibara ilitutesa, tuliziba mara mbili ikaisha. Ndipo nikakumbuka kitambaa. Mke wangu akafungua ncha ya khanga yake, akaipitisha ndani ya tairi polepole, ikanasa karibu na vali. Mwiba wenyewe mdogo kuliko punje ya mchele. Aliung'oa, akaufunga kwenye karatasi, ameuleta nyumbani, uko kabatini.

Kisorya tulingoja kivuko tukila machungwa ya Ukerewe kabla hata ya kufika Ukerewe. Ukara tulivuka asubuhi ziwa likiwa kimya. Mzee mmoja alituonyesha shimo la ng'ombe wake na akatueleza anavyopanga samadi, shamba hadi shamba, na mke wangu aliuliza maswali mpaka tukakaribishwa ugali wa muhogo na sato.

Kwenye meli ya kurudi alilala begani kwangu tangu Nansio hadi taa za Mwanza zinaonekana.

Baiskeli ya gia bado iko kwake, na sijaidai. Hii nzito nimeipeleka kwa fundi ikafanyiwe spoku mbili na kiti kipya.