Dai limekubaliwa, malipo sifuri, halafu ananiambia HONGERA

Wakuu, leo sina hata salamu. Nimetoka ofisini kwa wale jamaa wa bima ya gari sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnawajua, wale ambao kwenye matangazo familia nzima inacheka ndani ya gari. Siwataji.

Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. KUBWA. Ada nimelipa yote kwa mkupuo. Sasa kuna asiyejulikana kanichubulia bampa kwenye maegesho akatokomea. Nikapeleka fomu, picha, ripoti ya polisi, makadirio ya gereji, ilibaki kidogo wadai cheti cha kuzaliwa cha bampa. Leo naitwa. Jamaa katinga tai, tabasamu hadi masikioni, ananipa mkono: "Hongera, dai lako limekubaliwa." Nageuza karatasi. Kiasi cha kulipwa: 0.

Hongera ya sifuri!

Namuuliza, anajibu "eksesi hiyo." Kumbe kila ukidai kuna kiwango unachobeba mwenyewe kwanza, wao wanaanza kulipa kinachozidi hapo, na bampa langu halikufika. Haya. Mbona wakati ananiuzia "bima kubwa" aliitamka mara elfu, eksesi hata kwa kunong'ona hakuigusa? Na bado! Kwa kuwa dai limeshaingia kwenye kumbukumbu, mwakani lile punguzo la kutodai, yaani ada kupungua kwa asiyedai, linaondoka. Yaani nimelipwa sifuri, na sifuri yenyewe nitailipia. Halafu HONGERA. Kwa mkono!

Spana_Mkononi: Mkuu, huo mkono uliupokea?

Mwenye uzi: Niliupokea. Tena nikasema asante.

Spana_Mkononi: Hahahaaa nimekufa mimi. Asante ya sifuri.

Gia_ya_Tatu: Eksesi ipo kwenye karatasi ya mwanzo kabisa ya mkataba. Ukikubali kubeba nyingi, ada inashuka. Ukitaka kubeba kidogo, ada inapanda. Wewe si ndiye ulitaka ada ya chini? Jibu swali.

Mwenye uzi: Wewe ni yeye? Umevaa tai hapo ulipo?

Mama_Klachi: Bora wewe una gari. Langu walisema kulitengeneza ni ghali kuliko lenyewe, kwa hiyo wananilipa. Nikaanza kuchagua rangi ya jipya. Wakanilipa thamani ya soko ya siku ya ajali, siyo bei niliyonunulia! Mabaki wakabeba, na redio yangu humo humo.

Bampa_la_Nyuma: Redio kitu gani. Mimi gari la thamani ya 10 niliandikisha 6 ili ada ipungue. Hasara ikaja ya 5, wakanipa 3. Eti nimekata bima ya asilimia 60, basi na fidia asilimia 60. Fundi katengeneza mlango mmoja, wa pili naufunga kwa kamba.

Spana_Mkononi: Sasa hapo umeonewa wapi? Hesabu imenyooka.

Bampa_la_Nyuma: Hiyo hesabu ndiyo iliyonionea.

Dereva_Mstaafu: Wenye bima kubwa mnalia, sisi wa ile ndogo tusemeje? Inalipa watu wa tatu tu, yaani wale uliowaharibia, siyo wewe. Niliparamia ukuta wa jirani. Ukuta umejengwa upya, umepigwa rangi, unang'aa. Gari langu limeegeshwa pembeni yake halina taa, na jirani ananiomba nilisogeze, linaharibu mandhari.

Mama_Klachi: 😂😂 Rangi gani?

Dereva_Mstaafu: Krimu.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kaniambia HONGERA.

Gia_ya_Tatu: Krimu inashika uchafu haraka. Wangepiga kijivu.

Dereva_Mstaafu: Nilimwambia. Kasema bima ndiyo inalipa, niache achague.