MJADALA: Seva ya jukwaa letu la Kusini imechoka, tuchange wenyewe au tupokee hela ya mnunuzi wa korosho?

Wakuu habari za jioni. Wana Kusini wote, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Liwale, na nyie mlioko Dar na nje ya nchi, naomba tukae kidogo kwenye hili maana limekuwa likiongelewa chini chini kwenye magrupu na mimi naona lije hadharani.

Jukwaa letu la mtandaoni linakufa, seva yake (kompyuta inayolibeba) imechoka. Anayeingia kila siku anajua ninachosema, asubuhi unasoma vizuri tu, ikifika jioni ya mnada wa korosho watu wanaanza kupandisha picha za karatasi ya bei, bei ya juu hii, bei ya chini hii, tani ngapi zimeuzwa, hapo ndio kwisha habari, ukurasa unazunguka weee mpaka bando linakata na hujajua kilo imeenda shilingi ngapi. Na hiyo ndiyo saa mkulima analihitaji kuliko saa zote.

Sasa kuna mapendekezo matatu mezani. Kampuni moja inayonunua korosho (siitaji, wahusika mnaijua) imesema italipa seva mpya yote, sharti matangazo yake yakae juu na mtu wao mmoja awe admini. La pili, tuombe vyama vya ushirika vikate kitu kidogo kwa kila kilo. La tatu tuchange wenyewe. Mimi niko la tatu na nitaeleza kwa nini, atakayepinga apinge kwa hoja.

Kwanza tujue tunanunua nini. Nilikwenda kuiona hiyo mashine na kijana anayeitunza, kwa kujitolea, halipwi. Ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, ipo kwenye chumba hapa Mtwara mjini karibu na bahari. Kijana akafungua ubavu wake, skrubu zimeshika kutu kwa ile hewa ya chumvi, feni imejaa vumbi limegandana kama sufi. Halafu akaniwashia skrini jioni ya mnada akaniambia angalia hapa. Prosesa iko chini kabisa, karibu imelala. Diski iko asilimia 100, haishuki. Yaani ubongo wa mashine umekaa unasubiri diski imletee maandishi.

Hii ndiyo sababu nawaambia wale wanaosema tununue seva yenye prosesa kubwa tutakuwa tumetupa hela. Diski yetu ni ile ya zamani ya kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika, na kila mtu akifungua mada mashine inatakiwa ikaokote posti moja huku nyingine kule, kichwa cha diski kinakimbia huku na huku. Diski ya namna hiyo inaweza kuokota vitu vilivyotawanyika mara mia moja na ushee kwa sekunde, basi. SSD ya kawaida, ile diski ya kisasa isiyozunguka, inafanya makumi elfu. Ni sawa na ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) lenye mtunza ghala mmoja mwenye tochi, watu mia tano wako mlangoni kila mmoja anataka gunia lake, hata ukimwongezea bosi mkali ofisini foleni haitembei.

Cha pili ni RAM, yaani ile meza ya mashine ya kufanyia kazi kwa haraka. Ina GB 8 na kumbukumbu zetu za miaka yote zimeshapita hapo zamani, kwa hiyo haziwezi kukaa kwenye RAM, kila swali linarudi kwa diski ileile. Kwa hiyo mahitaji ni RAM ya kutosha, SSD mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja ili moja ikifa nyingine iendelee, na bekapu, yaani nakala ya akiba, ya kila usiku inayokaa mji mwingine kabisa. Hapo kwenye bekapu naomba mnielewe, diski mbili pacha sio bekapu, admini akifuta kitu kwa bahati mbaya kinafutika kote kote.

Nikirudi kwenye hela. Humu ndani ndio tunapolinganisha bei. Mtu wa Newala anaandika amelipwa hivi, wa Nanyumbu anaandika bado hajalipwa, mwingine anaweka picha ya stakabadhi yenye makato yote. Wenye kumbukumbu wanatafuta msimu wa 2018 serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kusomba, wanakuja Oktoba 2024 minada ilipoanza kupitia TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) na mnada wa kwanza ukagonga 4,120. Tunamjadili mnunuzi kwa jina. Sasa huyohuyo mnunuzi ndiye alipe mashine na mtu wake ashike funguo za kufuta posti? Hata awe mwema namna gani, siku bei ikishuka na watu wakianza kuuliza maswali, yule admini atakuwa na mabosi wawili na anayemlipa mshahara tunamjua.

Na kukata kwenye kilo, hapana kabisa. Mkulima anakatwa ushuru wa halmashauri, cha AMCOS, cha chama kikuu, usafirishaji, ghala, orodha ni ndefu na kila mwaka tunalia nayo humu humu. Leo sisi wenyewe tuende kuomba kato jingine, tena na kwa yule ambaye hajawahi hata kuingia mtandaoni! Sitaweza kumtazama mtu usoni pale ghalani.

Kuchangiwa na wasomaji inawezekana. Wikipedia mwishoni mwa 2003 seva zao zilizimika, wakatoa wito wanatafuta dola 20,000 za mashine, watu wakatoa zaidi ya hapo, na mpaka leo haina matangazo. Sisi hatuhitaji hela hizo. Watu mia tano wakitoa elfu kumi kwa mwaka ni milioni tano. Karibuni.

MDAU WA TANDAHIMBA:
Mleta mada umeandika vizuri ila unaota. Mimi nimekuwa mweka hazina wa vikundi, michango ya hiari watu wanatoa mara ya kwanza kwa shangwe, mara ya pili nusu, mara ya tatu unabaki wewe na nafsi yako. Na huku kwetu hela ina msimu wake. Oktoba mpaka Desemba mtu anayo, njoo Juni mwaka unaofuata anadaiwa dawa ya salfa ya mikorosho anadaiwa wapuliziaji, umwambie habari za seva atakuona huna akili. Kampuni ina hela leo. Tuandike mkataba kwamba hawana ruhusa ya kufuta kitu, wakikiuka tunawatoa. Nyie mnaogopa kivuli.

MLETA MADA:
Mkuu hoja ya msimu nimeipokea kwa mikono miwili, ndio maana nimesema kwa mwaka na sio kwa mwezi. Tuchange mara moja, mnada ukishapita na malipo yakishaingia benki, sio kumfuata mtu wakati wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, mikorosho inatoa maua na anawaza atapata wapi mfuko wa salfa. Ila kwenye mkataba hatukubaliani. Mkataba na kampuni unausimamia na nini? Sisi sio chama kilichosajiliwa chenye wakili. Wakishakuwa wenye mashine, siku tukigombana wanachomoa waya na kumbukumbu zetu zote zimebaki kwao.

MAMA NACHINGWEA:
Mimi naunga mkono tusikatwe kwenye kilo, yaani hilo msilirudie tena. Lakini kaka zangu mbona hamsemi kuhusu picha? Mtu anapiga karatasi ya mnada na simu yake kubwa anapandisha hivyohivyo, sisi wa bando la mia tano tunafungua picha moja hela imeisha. Kina mama wengi huku Nachingwea na Ruangwa wameacha kuingia sio kwa sababu ya diski yenu. Kabla hamjaomba elfu kumi yangu punguzeni hizo picha.

MLETA MADA:
Dada yangu hapo umesema kweli tupu na hilo halihitaji hata shilingi. Nimeongea na kijana, anaweza kuweka programu inayopunguza ukubwa wa picha yenyewe mtu akipandisha, na bei ya juu na ya chini iandikwe kwa maneno mwanzo wa posti ili asiyetaka picha asiifungue. Hilo lifanyike wiki hii, hata kabla ya mchango. Ila utafutaji wa mada za zamani bado utaendelea kukwama mpaka diski ibadilike, hapo picha hazihusiki.

KIJANA WA CHIKONGOLA:
Kwani shida yote hii ya nini, si tuhamie WhatsApp tu ni bure.

MLETA MADA:
Grupu la WhatsApp mwisho watu 1,024, sisi tumeshapita. Na aliyejiunga leo haoni yale ya miaka ya nyuma yaliyoandikwa kabla yake. Nenda katafute kwenye grupu yale maelezo ya mtaalamu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele kuhusu kupuliza salfa alfajiri majani yakiwa bado na umande, utapata salamu za Ijumaa na video za mpira. Hapa unaandika neno moja inakuja. Hiyo hazina ndiyo tunayoilipia.

MWANA WA MIKINDANI:
Naomba niulize kitu ambacho mleta mada umekificha. Nasikia kwenye magrupu mashine mpya inapelekwa Dar. Ni kweli? Maana sisi gesi imetoka Mnazi Bay hapa, watu wa Mtwara 2013 walilia kuhusu bomba la kuipeleka Dar tunajua yaliyotokea, 2015 bomba likafika Dar. Leo hata kasanduku ka kompyuta nako kaende Dar? Mtwara tutabaki na nini?

MLETA MADA:
Mkuu sijaficha, ilitakiwa iwe mada ya kesho ila umeianza na una haki ya kuumia, hata mimi inaniuma. Hilo bomba mimi ni mtu wa hapahapa sihitaji kusimuliwa. Lakini tutazame inavyofanya kazi. Mashine ikikaa chumbani hapa, umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika kumbukumbu zinaharibika, imeshatokea na kijana alikesha anazirudisha. UPS, ile betri ya akiba, inashika dakika chache, jenereta hatuna, ile hewa ya chumvi ndio inakula chuma kila siku. Data senta za Dar, yaani majengo ya kutunzia seva, zinakodisha nafasi, umeme wa akiba upo, ubaridi upo. Halafu makampuni ya simu yanabadilishana trafiki yao pale Dar kwenye TIXP, kituo cha kuunganisha mitandao ya intaneti, kwa hiyo mtu wa Liwale akifungua jukwaa kwa simu mara nyingi ombi lake linapita Dar kwanza ndio lije Mtwara, na jibu lirudi kulekule. Tunalipisha watu safari mara mbili.

Kuna waliosema basi tukodishe Ulaya ni bei rahisi. Kumbukeni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Lindi imekatika kule Somanga, magari yamelala njiani, ndugu wanatafutana, halafu tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Wakati kama ule kitu kilichopo ndani ya nchi una nafasi ya kukifikia, kilichopo Ulaya ndio hivyo tena. Kwa hiyo Dar ni kwa ajili ya umeme na nyaya. Mashine itaandikwa jina letu, na bekapu ya kila usiku ibaki Mtwara, na nakala nyingine Lindi. Hiyo ndiyo mali yenyewe, ile chuma itachakaa tutanunua nyingine.

MWANA WA MIKINDANI:
Bekapu ikibaki hapa nimeelewa. Ila iandikwe, isiwe maneno ya mdomo.

MLETA MADA:
Itaandikwa. Na hela nayo iandikwe. Napendekeza akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja Mtwara, mmoja Lindi, mmoja aliyeko nje ya mikoa hii, mimi sitaki kuwa mmojawapo ili asiseme mtu. Kila risiti ipigwe picha (ndogo, dada wa Nachingwea usijali) iwekwe hapahapa kwenye mada hii. Na tuweke kando hela ya ada za kisheria pia, tusijisahau. Kanuni za maudhui mtandaoni zilipokuja 2018 ilikuwa laki moja ya maombi, milioni ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, wenye blogu wengi walifunga kwa sababu tu hawakuwa na akiba. Ada zimebadilikabadilika tangu hapo ila akiba lazima iwepo.

MDAU WA TANDAHIMBA:
Sawa, nitatoa elfu kumi yangu msimu huu, lakini bado nasema mwaka wa pili mtakwama. Kama mnakataa mnunuzi basi ruhusuni matangazo madogo madogo, gesti, mafundi, mabasi ya Dar, wauza salfa. Hao wanatafuta wateja tu hawana haja na bei ya korosho.

MLETA MADA:
Gesti, mafundi na mabasi mimi naafiki, hata kesho. Wauza salfa nakataa. Msimu ukianza watu wanaweka humu picha za mifuko ya salfa wanayoitilia shaka, wanataja na duka lilipouzwa. Duka hilo likiwa ndilo limelipia tangazo la juu, nani atathubutu kuandika?

MAMA NACHINGWEA:
Lakini kaka bei za salfa tunazihitaji, kuna mwaka mtu wa Nachingwea ananunua ghali kwa kutojua Masasi ipo nafuu.

MLETA MADA:
Bei ziwekwe na wanunuzi wenyewe dada, aliyenunua aandike duka, bei na tarehe, bure. Hilo nalipigania. Tangazo la kulipia ndilo ninalokataa. Kura nimefungua, ina maswali mawili, mchango wa mwaka ndiyo au hapana, na wauza pembejeo walipie matangazo ndiyo au hapana. Inafungwa Ijumaa baada ya swala. Asiyeweza kufungua kwa sababu ya diski aniandikie meseji ya kawaida nimhesabie, namba anayo kijana.