Istanbul kwa mnunuzi wa Laleli: tulale mtaa gani, na matapeli wanaanzaje?

MwanaKariakoo

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunakwenda Istanbul, mimi na mdogo wangu wa kike, siku nane, kununua nguo za kike Laleli na Osmanbey. Ndege inatua uwanja mpya, ule wa upande wa Ulaya, saa tisa usiku. Bei za vyumba zinanichanganya: kimoja kimeandikwa "Sultanahmet, katikati ya mji" na kinauzwa nusu ya bei ya kingine chenye maelezo yaleyale. Wanaoujua mji naomba wanisaidie. Mtaa upi unafaa kwa wanawake wawili wanaorudi jioni na mifuko? Saa tisa usiku tunatokaje uwanjani? Na matapeli wa kule wanamwingiaje mtu? Tutakuwa na dola taslimu, ndiyo maana naulizia kwa kina.

Nanga34

Dada, usisome jina la mtaa lililo kwenye tangazo. Soma anwani mpaka kwenye neno "Mah." au "Mahallesi", jina lililo kabla yake ndilo mtaa wenyewe. Wilaya ya Fatih ni kubwa, ndani yake mna Sultanahmet, Sirkeci, Laleli, Aksaray na Kumkapı, na wenye hoteli za mabondeni wote wanajiita Sultanahmet kwa sababu jina hilo linauza. Ukiona Cankurtaran, Alemdar, Binbirdirek au Küçük Ayasofya, hapo ni Sultanahmet kweli au ubavuni pake. Mimar Kemalettin na Mesihpaşa ni Laleli. Muhsine Hatun, Nişanca na Katip Kasım ni Kumkapı, na nadhani hicho chumba chako cha nusu bei kiko huko.

Kumkapı si mahali pa kuogopa mchana. Waafrika ni wengi, chakula cha nyumbani kinapatikana, saluni za kusuka zipo. Shida ni usiku: vichochoro vyembamba, taa chache, na kutoka barabara ya tramu unateremka mlima ambao kesho utaupanda na mifuko. Aksaray nayo, nyuma ya barabara kubwa, ina kumbi za usiku na biashara zinazofuatana nazo. Wanawake wawili wakipita saa nne usiku watasumbuliwa hata kama hawataibiwa.

Kwa kazi yenu ningechagua Sirkeci. Taa zinawaka mpaka usiku, watu wapo, na barabara ya kutoka kituoni haina mlima mkubwa. Tramu ya T1 inapita hapo. Ukihesabu kutoka Sirkeci, Laleli-Üniversite ni kituo cha tano. Siku ya Osmanbey mnashuka hapohapo Laleli, mnatembea kama dakika kumi mpaka Vezneciler, mnapanda treni ya chini ya ardhi ya M2 kuelekea Hacıosman, na Osmanbey ni kituo cha nne. Mkitaka kulala Laleli yenyewe pia inafaa, ila isizidi mitaa miwili kutoka Ordu Caddesi, yaani barabara ya tramu. Maduka ya jumla yakifunga jioni, mitaa ya ndani inabaki tupu ghafla, na Jumapili karibu yote yamefungwa kutwa. Mtaa uliokuwa umejaa watu Jumamosi adhuhuri unaweza kukutisha Jumapili jioni.

Kabla ya kulipa, fungua picha za barabarani kwenye ramani na utembee kwa kidole kutoka kituo cha tramu mpaka mlango wa hoteli. Hesabu kona, tazama ngazi, tazama kama madirisha ya chini ni maduka au ni kuta tupu. Halafu andikia hoteli uulize chumba kiko ghorofa ya ngapi. Vyumba vya bei ya kutupa mara nyingi viko "bodrum", chini ya ardhi, dirisha halifunguki na unyevu unaingia mpaka kwenye nguo ulizonunua.

Tandika_Hadi_Taksim

Naongezea upande wa pili wa maji, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Haliç. Kama siku nyingi zitakuwa za Osmanbey, laleni Şişli au Osmanbey kwenyewe. Ni mitaa ya wakazi na ofisi, matapeli wa watalii hawana kazi huko, na M2 iko chini ya miguu yenu. Bei iko juu kidogo kuliko Laleli lakini mnaokoa nauli na muda.

Angalizo ni Taksim. Kuna barabara pana inaitwa Tarlabaşı Bulvarı. Upande wa İstiklal, mtaa mkuu wa maduka na matembezi, ni mahoteli na watu. Ukivuka upande wa pili na kuteremka kuelekea Dolapdere, mji unabadilika ndani ya dakika mbili. Wenye hoteli za huko nao wanaandika "Taksim, dakika tano kwa miguu", na kwa dakika hawajadanganya. Mkikuta anwani iko chini ya bulvari hiyo, ruka.

Kadıköy ni pazuri na pametulia, watu watakushauri sana uende. Kwa mtalii sawa. Kwa mnunuzi, kuvuka bahari kila siku na mifuko ni kujitesa.

Nanga34

Hapo kwa Şişli nakubaliana naye, hasa siku mbili za mwisho kama bidhaa za Laleli zimeshakwenda kargo.

AbiriaMakini

Mimi nijibu la uwanjani. Ndege ya saa tisa, mpaka mgongewe muhuri na mizigo itoke, mnafika ukumbini saa kumi au zaidi. Hoteli nyingi zinatoa chumba saa nane mchana. Sasa kwa nini mkimbilie mjini gizani? Kaeni ukumbini, mnywe chai, na treni ya M11 inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mnaipanda mpaka Gayrettepe, mnafuata njia ndefu ya chini kwa chini hadi M2, mnaelekea Yenikapı, mnashuka Vezneciler. Wanunuzi huingia Istanbul na mabegi matupu, kwa hiyo treni haiwatesi. Hoteli itawawekea mabegi mpaka chumba kiwe tayari. Andikeni mapema muulize.

Kadi ya nauli inaitwa Istanbulkart, inauzwa kwenye mashine za kituoni. Wekeni noti ndogo, kwa sababu msitegemee mashine kurudisha chenji: pesa inayobaki baada ya bei ya kadi inaingia kwenye salio. Hapa ndipo tapeli wa kwanza anaposimama. Anakuja "kukusaidia" kubonyeza, anaingiza noti yako kwenye kadi yake, au anakupa kadi anayodai ina salio. Mashine ina lugha kadhaa, bonyezeni wenyewe. Kadi moja isiyo na jina inaweza kugongwa mara mbili kwa watu wawili.

Mkiamua kutoka usiku uleule, kuna mabasi ya Havaist, na la Taksim linatembea usiku pia. Teksi zinapangwa foleni nje ya mlango wa wanaofika. Anayekufuata ndani ya ukumbi akisema "taksi, taksi" achaneni naye. Ya halali ina namba inayoanza na 34 kisha herufi T, na mita inawaka kwenye kioo cha mbele au karibu nacho. Istanbul haina bei ya usiku kwenye mita, ni moja mchana na usiku, kwa hiyo dereva akitaja "gece tarifesi" anawadanganya. Kutoka uwanjani hadi Laleli ni kama kilomita 40. Bei ya lira inapanda kila mara, sitataja namba: fungueni programu ya BiTaksi au Uber mkiwa bado kwenye intaneti ya uwanja, wekeni anwani, mtaona makadirio ya siku hiyo.

Wakati wa kulipa kuna mchezo wa noti. Unampa 200, anainamisha mkono, anakuonyesha 20 na kusema umekosea. Mnashindana, na wewe ni mgeni wa noti zao, unaamini umekosea kweli. Dawa ni kuitaja namba kwa sauti huku noti ikiwa bado mkononi mwako, moja moja, taa ya ndani ikiwa imewashwa. Mabegi yatoke kwenye buti kwanza, malipo yafuate. Piga picha namba ya gari unapopanda. Malalamiko ya teksi yanapokelewa na manispaa kwa namba 153.

Mwinyi_wa_Misafara

Matapeli wa Istanbul wengi hawapori. Wanaanza na wema, na karibu wote wanaanza wao kukusemesha.

Mng'arisha viatu anapita mbele yako, brashi inamdondoka. Unaiokota, unamwita, anashukuru sana na kusisitiza akung'arishie viatu. Akimaliza anadai pesa na kusimulia mtoto mgonjwa. Daraja la Galata na mitaa ya Sultanahmet ndiko waliko. Brashi ikidondoka, iache, endelea na safari.

Kijana nadhifu karibu na Msikiti wa Buluu anauliza unatoka wapi, anakuonyesha foleni iko wapi, hataki hata senti. Mwisho wa wema huo ni duka la mazulia la "mjomba" na chai ya tufaha. Kunywa chai hakukulazimishi kununua, ila muda wenu wa soko utakuwa umekwenda.

La hatari ni la baa, na linawalenga zaidi wanaume, basi muwaambie kaka zenu pia. İstiklal au Taksim jioni, mtu anaomba kiberiti, anajifanya naye ni mgeni mjini, anasema anajua mahali pazuri. Mkikaa, wanakuja wasichana, vinywaji vinaagizwa bila orodha ya bei, na bili inayokuja ni ya maelfu ya lira huku mabaunsa wamesimama mlangoni. Wakikusindikiza ATM, usipigane. Toa kidogo uwezavyo, omba risiti yenye jina la mahali, ukitoka piga 112, na ukilipa kwa kadi wapigie benki yako usiku huohuo upinge malipo. Polisi wa watalii wana kituo Yerebatan Caddesi, ng'ambo ya msikiti wa Ayasofya.

Mgahawani, samaki huuzwa kwa uzito. Uliza bei ya kilo na apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni. Vibakuli vinavyoletwa mezani bila kuagizwa huenda vina bei. Vikatae mara moja au uliza. Sheria inataka orodha ya bei iwepo mlangoni na mezani. Isipokuwepo, ondokeni.

Na sisi weusi tuna jambo letu. Aksaray, Kumkapı na Laleli polisi husimamisha watu kukagua vibali, tangu 2023 kuna na magari yameandikwa Mobil Göç Noktası, yaani kituo cha uhamiaji kinachotembea, ambako hukaguliwa alama za vidole. Huo ni ukaguzi wa kweli. Kwenye mitaa hiyo tembeeni na pasipoti halisi kwenye mkoba wa ndani ya nguo, maana nakala pekee inaweza kuwapotezea nusu siku. Polisi wa uongo mtamtambua kwa pochi: anataka kuona pesa, kuzihesabu, kunusa kama ni bandia. Wa kweli anataka hati. Akisisitiza pochi, semeni "karakol", yaani kituo cha polisi, na muelekee kwenye duka lenye watu.

MwanaKariakoo

Asanteni mno. Yamebaki mawili. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema ana nyumba Laleli ya kukodisha kwa siku, rahisi kuliko hoteli, anataka nusu mapema. Na kuna "mwenyeji" anayejua Kiswahili, atatuzungusha madukani bure. Mnasemaje?

Nanga34

Nyumba: tangu tarehe 1 Januari 2024, nyumba inayokodishwa kwa siku zisizozidi 100 lazima iwe na kibali cha wizara ya utamaduni na utalii, na kibao chake kinabandikwa mlangoni. Mwambie atume picha ya kibao na mlango pamoja. Akisema "mkiulizwa semeni ni rafiki zangu", jibu mmeshalipata. Nusu mapema kwa mtu wa WhatsApp msimpe. Na hata hoteli mliyokwisha kuilipia, ukija ujumbe kwamba kadi "ihakikishwe upya" kwa kiungo fulani, msibonyeze. Ipigieni hoteli kwa namba iliyo kwenye tovuti yake.

Tandika_Hadi_Taksim

Huyo mwenyeji ni dalali. Si lazima awe mwizi, wapo wanaofanya kazi nzuri, lakini bure yake inalipwa na duka, na duka linaiweka juu ya bei ya seri yenu, yaani fungu la nguo linalouzwa kwa pamoja. Siku ya kwanza zungukeni wenyewe bila kununua. Ulizeni bei ya seri na idadi ya vipande ndani yake, andikeni pamoja na jina la duka na mtaa. Bei nyingi za Laleli na Osmanbey hutajwa kwa dola, basi msibadilishe zote. Badilisheni kidogo cha chakula na nauli kwenye maduka ya fedha ya karibu na Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale lenye paa, si uwanjani. Siku ya pili mkimchukua dalali, mpelekeni nyinyi kwenye duka mlilokwisha kuuliza, na mkubaliane naye ujira wa siku mbele ya mwenye duka. Kwa ATM tumieni ya benki, kama Ziraat au İş Bankası, na mashine ikiuliza mlipe kwa fedha ya kwenu au kwa lira, chagueni lira.

AbiriaMakini

Na kargo: begi lipimwe mbele yenu kabla halijafungwa, mpige picha ya mizani, na risiti iwe na uzito, bei ya kilo, na ghala la kupokelea Dar.