Naombeni ushauri: foo wili ya kwanza kwa safari za porini, nichukue ipi?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Nimejichanga miaka minne, sasa nataka foo wili yangu ya kwanza. Si ya kwendea kazini. Nataka mimi, mke wangu na watoto wawili tuingie porini siku tano hivi, kusiko na kituo cha mafuta wala fundi. Nimebakiza tatu: Suzuki Jimny, Prado 120 ya dizeli, na Land Cruiser 80 ya zamani yenye injini ya 1HZ. Moyo uko kwa Jimny. Jamaa yangu anasema hata RAV4 inatosha, nayo inavuta tairi zote nne. Nikishanunua nitainua springi, niweke ngao ya chuma mbele, winchi ya kujivuta tukinasa na hema la juu ya paa. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Jibu la 1

RAV4 iweke pembeni, mkuu. Kuvuta inavuta, ila haina 4L, yaani gia nzito za mwendo wa polepole wenye nguvu. Ukishuka mlima wa mawe ukiwa 4L gia ya kwanza, injini ndiyo inalishika gari, wewe unaongoza usukani tu. Bila hiyo unakanyaga breki mwanzo mwisho, zinapata moto, mwishowe hazishiki. Hizo tatu zako zote zina 4L na zimekaa juu ya chesisi, kwa hiyo hapo umechagua vizuri.

Jibu la 2

Ndugu, umetaja springi, ngao, winchi na hema. Uzito hujautaja, na ndio unaoua magari porini.

Piga hesabu. Maji: mtu mmoja lita tano kwa siku, nyinyi wanne siku tano, lita 100. Hizo ni kilo 100 kabla hujapakia sufuria. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 yanakaribia kilo 35 bila madumu yenyewe. Weka hema, tairi la akiba la pili, vifaa, chakula, halafu nyinyi wenyewe. Toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji. Kinachobaki ndicho unachoweza kubeba, abiria wakiwemo. Ngao ya chuma na winchi vinakula humohumo. Gari likizidiwa, shokamzoba zinakufa, springi zinakatika, na hata chesisi hupasuka. Vya juu ya paa ni vibaya zaidi: gari likilala upande kidogo, vinalivuta lianguke.

Kwa hesabu hiyo Jimny ni ya watu wawili. Naipenda sana, inapita mahali gari kubwa linanasa kwa sababu ni nyepesi. Ukiijaza watu wanne na maji ya siku tano, umeinyang'anya wepesi huohuo unaoufuata.

Jibu la 3

Naunga mkono. Kati ya mbili zilizobaki mimi ningechukua 80. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina tabo ya kuisukumia hewa, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Mlimani inajikokota, uwe na subira, lakini fundi yeyote wa dizeli anaielewa. Prado yenye injini ya 1KD ina nguvu zaidi na inakula kidogo, ila noseli zake za kunyunyizia dizeli hazitaki mafuta machafu kabisa. Ukiichukua, badilisha filta mapema na ubebe ya akiba.

Jibu la 4

Mimi nasema hali ya gari kwanza, jina baadaye. Prado iliyotunzwa inaishinda 80 iliyochoka.

Lala chini ya gari na tochi na bisibisi. Gonga chesisi kwa mpini, hasa nyuma juu ya ekseli, tope linapojificha. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya ubao. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu inanipa mashaka, nawe ikupe. Kisha tafuta ardhi laini, ingiza 4L, funga loki za difu (zinazofanya tairi za ekseli moja zizunguke pamoja) kama zipo, uendeshe. Wauzaji wengi hawajaigusa 4L miaka, inaweza kuwa imegoma.

Springi na winchi subiri. Anza na tairi nzuri, kipima upepo na kompresa. Kwenye mchanga shusha upepo kutoka psi 35 hadi 18, tairi linalala, gari linaelea. Endesha taratibu, na ukifika lami rudisha upepo. Beba na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, maana mchangani jeki inazama yenyewe na gari linabaki palepale.

Mleta mada

Wakuu, nawashukuru sana. Jana nilikwenda kuiona 80. Juu inang'aa. Nikaingia chini na bisibisi, karibu na ekseli ya nyuma ncha ikazama kama kwenye mkate, rangi ikabanduka na vipande vya kutu vikaniangukia shingoni. Nimeiacha. Leo nimeiona Prado 120 yenye mikwaruzo kila upande, lakini chesisi inalia vizuri na 4L imeingia mara ya kwanza. Mwenyewe amekubali niipeleke kwa fundi wa dizeli apime noseli. Zikiwa salama naichukua, halafu kabla ya kununua kifaa chochote nitapakia maji na familia yote nipitie kwenye mizani.